Namna ya Kufilisika Kimya Kimya

Wako watu wanaofilisika hadharani. Huenda mahakamani mchana kweupe, wakamtaja kila anayewadai na kila walichonacho, wakapewa amri yenye muhuri, na baada ya miaka mitatu wakawa raia kama wengine. Mambo hayo waachiwe wakurugenzi wa kampuni na mawakili wao. Mkuu wa kaya mwenye jina lake kanisani au msikitini, mwenye kiti cha mbele kwenye mkutano wa wazazi, hafanyi hivyo. Yeye hufilisika polepole, kwa awamu, bila kumwambia mtu, na mkewe akija kujua, dalali alishajua zamani.

Mwongozo huu ni wake. Ni wa mama anayelea peke yake pia, maana deni halina mume wala mke. Nimeuandika nikiifikiria Kenya, ambako vifaa vyote vya kazi hii vinapatikana karibu: simu, Sacco, shailoki (mkopeshaji wa mtaani), dalali, na sheria nzuri ambayo haisomwi na mtu. Mtanzania anayekimbizana na mikopo ya kausha damu anaruhusiwa kuutumia. Abadilishe majina tu.

Mwanzo mwema

Deni la kwanza liwe dogo, dogo kiasi kwamba ukimwambia mtu atakucheka. Hapo Fuliza itakufaa sana. Tangu Januari 2019, salio la M-Pesa likipungua, Safaricom pamoja na benki mbili, NCBA na KCB, hukujazia kinachopungua papo hapo. Huulizwi pesa ni za nini. Hujazi fomu, huketi kwenye benchi mbele ya karani. Unga umelipiwa, watoto wamekula, na wewe hujajihesabu bado kuwa umekopa. Kuna ada ya asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada nyingine ya kila siku mpaka umalize. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukumbuka kulipa: pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako inakatwa kwanza. Dada yako aliye Mombasa akikutumia shilingi 500 za dawa ya mama, dawa itasubiri.

Ukishazoea, panda M-Shwari, ambayo iko sokoni tangu Novemba 2012. Ada yake ni asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Neno moja la tahadhari hapa: usipige hesabu ya mwaka. Wanaopiga hesabu ya mwaka hawafiki mbali katika shughuli hii. Mtu anayechukua 10,000, akalipa, akachukua tena siku hiyohiyo kwa sababu kulipa kumemwacha mkavu, anatoa 750 kila mwezi. Kwa mwaka ni 9,000, kabla serikali haijaongeza ushuru wake, na ile 10,000 bado ni ya benki. Wewe sema tu, "Ni mia saba na kitu."

Ujihadhari na Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Riba yake ya asilimia 8 kwa mwaka ni ndogo mno, yaweza kuharibu mpango mzima. Bahati nzuri mkopo wenyewe hulipwa ndani ya siku 14, na wengi walianza kwa kupewa shilingi 500, kiasi ambacho hakijawahi kumtoa mtu kwenye shida wala kumwingiza kwenye biashara. Uchukue, uutumie kulipia deni lingine.

Halafu pakua programu za mikopo. Moja haitoshi; tatu zitakwenda vizuri, maana ya kwanza utailipa kwa ya pili na ya pili kwa ya tatu, na alama yako itakuwa safi katika zote hadi siku ile zote zitakapokukataa asubuhi moja. Zikiomba ruhusa ya kuona majina yaliyo kwenye simu yako, kubali. Ni kweli kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia simu watu wako ili uaibike. Ni kweli pia kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuchukua majina na namba za watu na kuwasumbua. Ndiyo maana mdeni mzoefu halalamiki popote. Mchungaji akipigiwa simu na kijana asiyemjua akiambiwa, "Mwambie mtu wako alipe," mdeni mzoefu husema simu yake iliibwa.

Mshahara una theluthi tatu

Aliyeajiriwa ana kikwazo kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili. Maana yake ni kwamba mwalimu anayelipwa 60,000 lazima afike nyumbani na 20,000, apende asipende. Wabunge waliotunga kifungu hicho walidhani wanailinda sufuria. Hawakujua kwamba theluthi ile ya tatu ingekuja kuingia kwenye simu, na kwenye simu hakuna kifungu cha 19. Saa tatu asubuhi mshahara unaingia. Saa tatu na dakika moja programu zimeshagawana kilichobaki. Mwajiri ametii sheria na mwalimu hana nauli.

Hapo ndipo Sacco inapopendeza. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa riba ambayo benki haikupi, na kwa kweli mtu aliyetaka kujenga au kusomesha kwa njia ya kawaida angeishia hapo. Lakini sisi hatuendi kwa njia ya kawaida. Chukua mkopo wa "maendeleo", uutumie kulipa madeni ya simu, kisha yarudishe madeni ya simu yote kabla ya robo mwaka. Sasa una vyote viwili.

Wadhamini

Sehemu hii isomwe mara mbili.

Mkopo wa Sacco unataka wadhamini, na mdhamini ni mtu anayekuheshimu. Usimwendee anayekufahamu vizuri. Huyo ataomba kuona hati yako ya mshahara. Mwendee mwenzako wa kazini aliye mpole, ambaye mlikula naye chakula cha mchana kwa miaka mingi, ambaye hajui kukataa. Mpelekee fomu dakika za mwisho, akiwa na haraka ya kuwahi matatu. Mwambie, "Ni sahihi tu, bwana. Utaratibu wa ofisi." Kwa upande wake mdhamini naye ana mwongozo wake: asisome, asiulize kiasi, na asikumbuke kwamba akiba yake mwenyewe ndiyo imefungwa kuanzia siku hiyo.

Ukiacha kulipa, Sacco haitakutafuta wewe kwa miaka. Itachukua akiba ya wadhamini na kuwakata mishahara. Utajua imefanya hivyo kwa sababu yule mpole ataanza kula chakula cha mchana kwenye meza nyingine. Hakutukani. Anasalimia. Miaka ishirini ya urafiki imekwisha kwa fomu ya ukurasa mmoja, na wanawe hawakwenda shule waliyopangiwa kwa sababu akiba ya karo ilikwenda kulipa deni ambalo lililipa deni. Haya ndiyo madhara ambayo hakuna takwimu ya Benki Kuu inayoyahesabu, na nikisema ukweli, ndiyo yanayonikera kuliko ada na riba zote nilizokwisha kutaja.

Chama cha mzunguko nacho kina nafasi yake. Hakikisha unapokea zamu yako mapema, namba mbili au tatu, kisha ugonjwa ukupate kuanzia mwezi wa nne.

Daraja la shailoki

Mtu aliyefika hapa amehitimu. Shailoki hana programu wala alama. Ana kiti cha plastiki, daftari la mistari, na kijana anayekaa mlangoni bila kazi inayoeleweka. Asilimia 20 kwa mwezi kwake ni bei ya kirafiki. Ukichukua 50,000, unampelekea 10,000 kila mwezi, na mwezi wa tano ukifika umeshamlipa 50,000 na unadaiwa 50,000. Kwa benki jambo hili lina mpaka: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishaharibika, riba itakayodaiwa isipite msingi uliokuwa umebaki siku ulipoharibika. Wakenya wengi wametozwa kupita hapo na hawakujua kuna mahali pa kusimama. Shailoki hajawahi kukisikia kifungu hicho, na kwa kijana yule wa mlangoni ni afadhali usikitaje.

Atakupa karatasi utie sahihi. Ukiisoma utaona haikutaja mkopo mahali popote. Ni mkataba wa mauziano: umemuuzia gari lako, au friji na runinga, au ploti ya urithi, kwa bei iliyo sawa kabisa na pesa unazochukua, na nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Ndiyo sababu nasema usiisome. Mwachie na kadi ya ATM pamoja na namba ya siri, akusaidie kwenda benki mwisho wa mwezi.

Nyumbani

Ufundi wenyewe uko hapa. Hayo mengine yote mtu anaweza kufundishwa na tangazo la redio.

Kwanza, usipunguze kitu. Familia inayopunguza matumizi huanza kuulizana maswali. Watoto wabaki shule ileile ya kibinafsi, mchango wa harusi ya mpwa utolewe na utangazwe, king'amuzi kilipiwe. Waliosema kukopa arusi, kulipa matanga hawakuwa na king'amuzi. Pili, simu iwekwe kifudifudi mezani. Arifa za madeni huja usiku kama za mapenzi, na wake wengi wa Nairobi wameumia mwaka mzima wakishuku mwanamke mwingine kumbe ni programu tatu na Sacco. Nimesikia wakisema, baada ya kujua, kwamba heri angekuwa mwanamke. Mwanamke mwingine angeachika.

Tatu, usiombe msaada kwa jina lake. Angalia makundi ya WhatsApp ya ukoo: tunachanga kwa hospitali, tunachanga kwa matanga, tunachanga kwa kijana anayekwenda kusoma ng'ambo, na watu hutoa. Hajatokea bado aliyeandika, "Ndugu zangu, ninadaiwa 380,000 na nimeshindwa, naomba tukae tuone." Angeandika hivyo, kikao kingefanyika Jumapili, wangemkaripia mpaka saa kumi, halafu mjomba mmoja angempigia simu yule mwenyekiti wa Sacco waliyesoma naye, na pengine riba ingesimama. Hatari ya namna hii huepukwa kwa maneno machache tu.

"Uko sawa, mwanangu? Umekonda."

"Niko sawa, mjomba. Ni kazi tu."

Nne, weka tumaini kwenye jakpoti ya mechi 17. Inachezwa wikendi, na Jumatatu ni siku nzuri ya kukopa upya.

Wengine hutumaini msamaha. Hao wana historia upande wao. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwaondolea wakopaji wa simu nusu ya deni lililokuwa limeharibika, nusu iliyobaki walipe ndani ya miezi sita, hadi mwisho wa Mei 2023, na uliwahusu watu zaidi ya milioni 4. Mdeni mzoefu alijifunza kutoka mpango huo somo moja tu, kwamba asilipe sasa. Miaka inapita akisubiri mwingine, huku jina lake likiendelea kukaa kwenye orodha ya CRB, ofisi ya taarifa za mikopo. Kwa kanuni zilizopo, taarifa mbaya ya mkopo hubaki huko miaka mitano hata baada ya kulipa, ingawa tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 haliorodheshwi. Waajiri wengi, serikali ikiwemo, wamekuwa wakitaka cheti cha CRB kabla ya kumpa mtu kazi. Yaani anayehitaji mshahara ili alipe deni ananyimwa mshahara kwa sababu ya deni. Aliyebuni hilo anastahili nakala ya bure ya mwongozo huu.

Dalali akija

Barua za madai usizifungue. Ziweke chini ya godoro. Godoro lenyewe, kwa taarifa yako, dalali wa mahakama haruhusiwi kulichukua: kifungu cha 44 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashauri ya Madai kinamwachia mdeni nguo zake na za mke na watoto, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, hata mapambo ambayo kwa dini yake mwanamke hawezi kuvua, na zana za kazi kwa kiasi fulani. Kuna mama waliobebewa sufuria zikiwa na mboga ndani kwa sababu hawakujua hilo, na aliyezibeba hakuwa na haja ya kuwaambia.

Dalali halali ana leseni. Akija mara ya kwanza kuorodhesha vitu vyako anakupa siku saba za kulipa kabla ya kuvichukua, kwa hiyo anayevunja mlango na kupakia siku hiyohiyo, bila orodha wala karatasi ya korti, ni mwizi mwenye lori. Kwa nyumba au shamba lililowekwa rehani benki safari ni ndefu zaidi: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha makosa, halafu notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, na dalali naye ana siku zake 45 za kukupa nafasi ya kukomboa. Ukijumlisha utaona ni karibu nusu mwaka ambao mtu angeweza kuuza mwenyewe kwa bei ya haki, akalipa, na akabaki na kitu. Watu hukaa nusu mwaka huo wote na barua chini ya godoro, halafu wanapiga kelele siku ya mnada.

Kuna pia jela ya madai. Anayekudai akishinda kesi anaweza kuomba ufungwe, hadi miezi sita, na chakula chako kule ndani atakilipia yeye. Kabla ya hapo lazima uitwe ueleze kwa nini usifungwe. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua katika shauri la mwanamke aliyekuwa ameomba atangazwe mufilisi kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ambao Kenya imeuridhia. Majaji wengine baadaye wameona jela bado inawezekana, mradi mdeni asikilizwe na ionekane kwamba anacho ila hataki kutoa. Vyovyote vile, anayefika na hati ya mshahara na orodha ya madeni hutoka akiwa amepangiwa kulipa kidogo kidogo. Wanaolala ndani wengi ni wale ambao hawakwenda.

Hatari za kuepuka

Mpaka hapa mpango unakwenda vizuri. Kitu kimoja tu kinaweza kuuvuruga, nacho ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Sheria hiyo iliifuta Sura ya 53 tuliyoachiwa na wakoloni, na ikaleta mambo ambayo mdeni wa kimya kimya asiyasikie kabisa.

La hatari zaidi ni utaratibu wa mtu asiye na mali. Sheria inasema hivi: kama madeni yako yote kwa jumla si chini ya shilingi 100,000 na hayazidi milioni 4, kama huna mali ya kuuza, kama ukipimwa kipato inaonekana kweli huna uwezo wa kulipa, na kama hujawahi kutangazwa mufilisi wala kuingia utaratibu huu, unaweza kumwomba Mfilisi Rasmi wa serikali akuingize. Ukiingia, wanaokudai madeni yaliyohusika hawawezi kuendelea kukufuatilia. Miezi kumi na miwili ikipita, unafunguliwa na madeni hayo yanafutika. Angalia tena viwango. Mtu asiye na kiwanja, anayedaiwa laki nne na programu, Sacco na duka la mtaani, ndiye hasa aliyewekewa mlango huu. Wamempigia simu usiku, wamempigia mchungaji wake, wamempigia bosi wake. Hakuna aliyemtajia mlango.

Si zawadi, lakini. Jina lako litatangazwa. Ukibainika ulificha mali, au ulikopa ukijua kabisa hutaweza kulipa, utakataliwa au kutolewa. Matunzo ya watoto hayafutiki, wala deni la ulaghai. Aliyeshika gari lako kwa dhamana halali bado amelishika. Na yule mpole wa chakula cha mchana hafunguliwi pamoja nawe: mdhamini hubaki mdhamini hata mdeni akisamehewa. Sheria haiwezi kumrudishia mtu huyo akiba yake. Wewe ndiye utakayejua utamtazamaje.

Kwa mwenye kipato kidogo kinachoendelea kuja, kuna amri ya kulipa kwa awamu, ambapo madeni yanakusanywa pamoja na unalipa kiasi kinacholingana na mfuko wako huku wadai wakizuiwa kukushtaki mmoja mmoja. Kwa mwenye biashara au mali ya kutosha kuna makubaliano ya hiari na wadai, chini ya msimamizi aliyeidhinishwa. Ndipo unakuja ufilisi wenyewe, ambao mdeni anaweza kuuomba mahakamani kwa hiari yake bila kungoja kuburutwa. Huo ndio mzito. Mali inakwenda kwa msimamizi, ukiachiwa vitu vya nyumbani na zana za kazi kwa kiwango kilichowekwa. Hutoki nje ya nchi bila ruhusa, huanzishi biashara bila ruhusa. Katiba, ibara ya 99, inakuzuia kugombea ubunge hadi ufunguliwe, jambo ambalo majirani zako wengi watalihesabu kuwa faida. Miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha, unafunguliwa kwa sheria yenyewe, isipokuwa mtu apinge na mahakama imsikilize.

Hofu ya ofisi ya ufilisi naielewa. Kwa Watanzania angalau imewekwa mahali wanapopajua: ufilisi uko RITA, wakala uleule unaotoa cheti cha kuzaliwa na cha kifo, kwa hiyo anayekwenda huko akikutana na jirani anaweza kusema amefuata cheti cha mtoto. Nchini Kenya ofisi hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na watu hudhani ni ya wenye kampuni.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na shailoki hupenda sana kuurudia msemo huo. Bunge liliongeza dawa nyingine mwaka 2015, lakini ina sharti gumu kwa mtu wetu, gumu kuliko riba: lazima ukae na kalamu, uandike jina la kila anayekudai na kiasi chake, utie sahihi kwamba hakuna uliyemwacha. Orodha hiyo wengi hawajawahi kuiandika hata mara moja maishani. Wanajua deni la leo na la kesho. Jumla hawaijui, na wanaogopa kuijua mbele ya mke.

Kwa hiyo anayetaka kuendelea na mwongozo huu aendelee. Asubuhi programu zitafunguka kama kawaida. Anayetaka kuuacha, achukue daftari la mtoto usiku huu, aandike yote, la mama mboga liwemo, la shemeji liwemo, na aanze kwa kumsomea mwenzake wa nyumbani. Ombi la utaratibu wa asiye na mali hupelekwa kwa Mfilisi Rasmi, haliendi kwa hakimu, na deni likishapita milioni 4 mlango huo unafungwa.